Siku Tulipoizika Fizikia

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, tulipoizika fizikia nyuma ya maabara, na mimi ndiye niliyesoma wasifu wa marehemu. Usicheke kwanza. Najua unanitazama ukisema, huyu Mutinda wa kidato cha nne, ndevu tatu kidevuni, ananiita mwanangu kwa ruhusa ya nani? Kwa ruhusa ya hiyo fomu uliyoshika. Wewe uko kidato cha pili na wiki hii unachagua masomo. Mimi nilishachagua, nikakosea, nikasahihisha. Katika jambo hili mimi ni mzee wako, kwa hivyo kaa chini.

Wakati huo nilijua ninachotaka. Mjomba wangu hununua ngozi kule Kinanie, huzipaka chumvi na kuzianika, na tangu nikiwa mdogo nilitaka kujua ni nini hasa kinachoizuia ngozi ya mbuzi isioze mpaka iwe kiatu. Nikaambiwa hiyo ni kemia. Basi nikaamua kwamba nitasomea shahada ya kemia. Na kwa akili yangu ya wakati huo, anayetaka kemia anahitaji kemia tu, kama vile anayetaka maharagwe hapandi ndizi. Fizikia ya nini? Alama zangu za fizikia hata mama hakuzisoma kwa sauti. Nikaiacha, nikaandika biashara mahali pake.

Fomu ilitaka sahihi ya mzazi. Baba hupasua mawe katika machimbo ya Mlolongo na huja nyumbani Machakos Jumapili tu. Nilimpelekea akiwa anajiandaa kurudi kazini, na mstari wa fizikia nikaufunika kwa kidole gumba. Akatia sahihi. Fomu zilitakiwa shuleni Ijumaa, na baada ya Ijumaa hakuna kubadilisha.

Basi Jumanne, saa ya chakula cha mchana, mimi na wenzangu tukatia kitabu kuukuu cha fizikia ndani ya boksi la chaki, tukachimba shimo. Nikasoma: "Marehemu alizaliwa kidato cha kwanza, akaanza kuugua siku hiyo hiyo. Ameacha mjane, Hisabati, na mtoto mmoja mpendwa, Kemia." Watu walicheka wakashika mbavu. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, nikajua kuna mtu nyuma yangu.

Alikuwa Mwalimu Mbithe, anayefundisha fizikia. Sisi tulimwita Volti, kwa sababu akikutazama unashtuka.

"Endelea," akasema. "Wasifu haukatizwi katikati."

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Huyo mtoto Kemia, sasa atalelewa na nani?"

Nami kwa ulimi huu wangu usio na breki nikasema, "Na shangazi yake Baiolojia, Mwalimu."

Akatikisa kichwa polepole. "Sawa. Lakini kwetu hatuziki siku ya kufa. Kwanza kuna matanga, na wewe ndiye mfiwa mkuu. Saa kumi, maabara. Na marehemu umbebe uje naye."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Walinijua kabla sijazaliwa.

Saa kumi nilifika na boksi langu, nikitarajia kuosha vifaa vyote vya maabara. Mwalimu hakunipa kazi yoyote. Aliweka mezani karatasi iliyochoka kwenye mikunjo. Yalikuwa matokeo yake ya mwaka wa kwanza chuoni, alipokuwa akisomea shahada ya kemia.

"Soma."

Nikasoma: kemia, kemia ya maabara, hisabati, hisabati ya pili, fizikia, fizikia ya maabara. Nikarudi juu, labda nimeruka mahali.

"Mwalimu, hii ni shahada ya kemia kweli?"

"Ya kemia."

"Sasa fizikia inatafuta nini hapa?"

"Hata mimi niliuliza hivyo hivyo. Hebu tazama alama."

Mwanangu, Volti alikuwa ameanguka fizikia. Pale penyewe, kwa wino, ameanguka. Nilimtazama nikidhani ananitania.

Akanieleza bila haraka. Shule yake ya upili, huko upande wa Ekalakala, haikuwa na mwalimu wa fizikia, kwa hivyo aliingia chuoni kwa baiolojia. Vipo vyuo vinavyokubali hivyo, na vipo vinavyotaka fizikia yenyewe kabla havijakufungulia mlango. Yeye alifunguliwa. Lakini ndani akaikuta fizikia imekaa darasani inamngoja, na bila kuipita hiyo ya mwaka wa kwanza, masomo fulani ya mwaka wa pili hayakumruhusu kuingia. Akarudia. Alikaa na waliomfuata nyuma, akaanzia vitabu vya kidato cha kwanza, akifanya hesabu nyuma ya kalenda zilizopitwa na wakati. Akapita. Halafu akaipenda, akaendelea nayo mpaka akawa anaifundisha.

"Mjomba wako anapopaka ngozi chumvi," akaniuliza nilipomsimulia habari za Kinanie, "chumvi inavuta maji yatoke. Hiyo ni kemia au fizikia?"

"Kemia."

"Mimi niliulizwa kwenye mitihani yote miwili."

Chumvi niliisahau. Nilikuwa nikimwangalia mtu ambaye hakuwa na mwalimu, akaanguka mbele za watu, akarudi kukaa na wadogo zake, na leo anaitoa karatasi ile na kumwonyesha mtoto aliyetoka kumzikia somo lake. Ningekuwa mimi, karatasi ile ningeichoma.

Jumatano nilikaa matanga tena, safari hii bila kuitwa, nikamwomba anisaidie kumfufua marehemu. Alhamisi akanipa fomu mpya na barua ya ruhusa ya kutoka shuleni. "Sahihi ya baba upya. Na hapo palipoandikwa sababu ya kubadilisha, uandike ukweli."

Baba hangerudi mpaka Jumapili, kwa hivyo nikamfuata Mlolongo. Nilimkuta machimboni, mweupe kwa vumbi hadi kope.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nilitaka kusema fizikia. Mungu akanizuia.

"Hakuna, Baba. Ni fomu."

"Si niliitia sahihi Jumapili?"

"Uliitia. Lakini nilikuwa nimefunika mahali kwa kidole."

Wenzake wakaacha nyundo. Baba akakaa juu ya jiwe. "Basi leo isome wewe. Yote. Kwa sauti."

Nikasoma mbele ya wapasua mawe, mstari kwa mstari, hadi penye sababu: "Nilifanya mzaha na maisha yangu, na nilimficha mzazi." Mmoja wao akakohoa. Baba akafuta mikono kwenye suruali, ambayo ilikuwa na vumbi kuliko mikono yenyewe, akatia sahihi.

"Kidole chako hicho," akasema, "siku nyingine kikae mfukoni."

Fomu ilifika Ijumaa asubuhi ikiwa na alama za vumbi. Mwalimu Mbithe hakuipangusa.

Mwanangu, sikudanganyi kwamba sasa ni bingwa. Fizikia bado hunipiga, ila siku hizi nami huirudishia. Ninachokuambia ni hiki: mchagua jembe si mkulima. Usilitupe somo kwa sababu limekunyima alama muhula mmoja. Tafuta kwanza masharti ya shahada unayoitaka, uyasome yote, kisha uulize pia utafundishwa nini ukishaingia, maana mlango ni kitu kimoja na chumba ni kingine. Muulize aliyewahi kuanguka humo, maana ndiye anayejua shimo liko wapi. Na mzazi wako mwonyeshe fomu nzima.

Ningekutemea mate ya baraka kifuani kama wafanyavyo wazee wetu Wakamba, lakini nina mafua na sare yako imefuliwa jana. Basi pokea kwa maneno: Mungu akupe mwalimu asiyeona haya kukuonyesha alipoanguka. Na ukianguka wewe, akupe miguu ya kurudi darasani.