Motherboard ya mizani ya mbuzi: muuzaji wa Garissa alivyotaka nibebe isiyo na COM port

Wakuu, assalamu alaykum. Haya yamenipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Nasimamia mizani ya mifugo sokoni Griftu. Mizani inatuma uzito kwa kompyuta kupitia COM port, ile port ya zamani ya pini tisa. Namba inatokea kwa TV kubwa, muuzaji na mnunuzi wote wanaiona.

Umeme wa jenereta ukaruka, motherboard ikaungua. TV kimya.

Minong'ono ikaanza siku hiyo hiyo. Eti nimezima makusudi, wanunuzi wapate kukadiria kwa macho. Watu wakawa wananisalimia nusu nusu.

Nikapanda basi hadi Garissa, kichwa cha mizani, kile kisanduku kinachosoma uzito, sensa yake na processor ya kompyuta nimepakata. Maneno ya dukani siyaamini, naamini kitu kikifanya kazi.

Muuzaji akanitolea board inang'aa mataa, akaniita kwa Kisomali. "Warya, hii iko na kila kitu. USB tele, HDMI, slot ya graphics."

Nikaigeuza. COM hakuna. Nilikuwa na kadi ya COM ya zamani, ya PCI, lakini slot zote ni za kisasa, haingii.

"Utatumia adapta ya USB," akasema haraka. Haraka sana. Adapta yenyewe alikuwa ameishika tayari.

Nikaomba ile ya rafu ya chini, boksi limeraruka, COM iko nyuma. "Hiyo haikubali processor yako." Nikadhani ananizungusha. Kulinganisha soketi, pale processor inapokaa, kumbe hapo alisema kweli. Ikanichanganya zaidi.

Ya tatu, nyuma haina COM, lakini ndani pembeni kuna pini zimeandikwa COM1.

"Hizo ni za kiwandani tu."

Nikafungua manual kwa simu. Ni COM kamili, inataka tu waya mfupi wa kuitoa nje. Akafungua droo akanipa, hana hata aibu.

Tukaunganisha. Nikabonyeza sensa, skrini haionyeshi kitu.

"Si nilikwambia!"

Nikasoma tena. Waya hizo ziko aina mbili, pini zimepangwa tofauti. Akatoa nyingine, nikabonyeza, namba ikapanda. Hapo ndipo nikalipa.

Mnadhani yakaisha? Sokoni, habaryar Khadija, mdogo wake mama yangu, akakataa kupandisha mbuzi wake. Akaweka kwanza mtungi wa maji wa lita ishirini. TV ikasema kilo ishirini na moja.

Akanigeukia mbele ya soko zima.

"Hiyo moja ni ya nani?"

"Ni ya mtungi wenyewe, habaryar."

Akawamwagia mbuzi maji yote, akaupima mtupu. Moja.

"Haya, lete mbuzi."

Kwa hivyo wakuu, kabla ya board, jua vifaa vyako vinachomekwa wapi. Angalia nyuma, angalia slot, angalia na pini za ndani. Na ubebe kifaa chako dukani.

Yule muuzaji sijui bado kama alikuwa mwongo au hajui bidhaa yake. Nyinyi mnaonaje? Na kuna aliyetumia adapta ya USB kwa mizani ikamkubali?