Macho ya Mama Mapendo Mnadani Kintinku

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mkasi na nikaambiwa nisiutumie. Ilikuwa Ulemo, siku ya mnada, na Tajiri, ndivyo sote tulivyomwita mwenye mzigo, alikuwa anatufundisha kufungua belo. Belo ni robota la mitumba lililobanwa kwa mashine na kufungwa mikanda.

"Belo halichanwi kama gunia la mahindi, binti," aliniambia. "Ukikata vibaya unachana na nguo ya juu, na nguo ya juu ndiyo inayomleta mteja."

Nikashika mkasi asubuhi nzima, nikimwangalia yeye akikata.

Ninyi mnaouza kwa kupiga picha na simu hamkuijua kazi ile. Belo likishafunguliwa, linachambuliwa. Gredi ya kwanza inatundikwa kwenye henga, ya pili inapangwa mezani, na iliyobaki inamwagwa chini kwenye turubai, bei moja, atakayewahi apate. Mchambuzi ndiye anayeamua nguo ipi iende wapi, na anaamua haraka, watu wamemzunguka. Kutoka Ulemo nilihamishiwa Kiomboi, chini ya Msimamizi wa Meza, mama mkali aliyenichapa vidole kwa henga kila nilipopitisha nguo yenye zipu mbovu. Alipostaafu, Tajiri akanipa cheo kama chake na kunipeleka Kintinku niwe mchambuzi. Kwa miaka mingi kule hakuna mkono uliogusa belo kabla ya wangu.

Ndipo akaja Mama Mapendo.

Alitoka Lubumbashi, Kongo. Mumewe, fundi wa kuchomea vyuma, alikuwa amepata kazi kwenye ujenzi wa reli, nao wakafika na mabegi mawili, watoto watatu na sufuria moja. Nyumba yao ilikuwa tupu. Basi kila mnada alikuja kwenye turubai langu kutafuta pazia, blanketi, viatu vya watoto. Hakutazama rangi kama wenzake. Aliigeuza nguo ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono polepole, akainusa, akaiweka chini au akaikumbatia. Mara yake ya pili tu aliibua shuka la kitani kizito ambalo mimi nililitupa chini kwa sababu ya doa. Doa lilikuwa la chai. Alilitoa kwa maji ya moto na limau, na shuka likawa pazia zuri kuliko lolote pale mtaani. Mnada uliofuata akatoka na mkoba wa ngozi halisi, nao pia ulipita mikononi mwangu nisiuone.

Niseme wazi, nilimwonea wivu, tena wivu wa kumkosesha mtu hamu ya kula. Mimi nilichapwa vidole ndipo nikajua kazi, na huyu hakufundishwa na mtu. Wanawake wa Kintinku wakaanza kusimama mbele ya meza yangu wakiulizana, "Mama Mapendo hajaja? Basi tumsubiri kidogo." Walisema hivyo nikiwasikia.

Kibaya zaidi, alinipenda. Aliniletea maandazi, akakaa nami kwenye jamvi kupiga soga. Siku moja alinieleza kwamba kwa Kiswahili cha kwao kuuza ndiko kununua, na anayetoa mali yake kwa pesa anauzisha.

"Siku ya kwanza sokoni nikasema niko nataka kuuza nyanya," alisema, "mama wa nyanya akanifukuza!"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Haukupita muda, Tajiri akaja kukagua. Alimtazama Mama Mapendo akichagua, akanivuta pembeni.

"Yule mama ana macho. Nafikiria nimweke kwenye belo. Wewe umri unakwenda, utakaa na hela mezani upumzike."

Nilijibu, "Sawa, Tajiri." Kwangu mimi, kukaa mezani kulikuwa ni kufukuzwa kwa adabu.

Siku ya mnada mwingine Mama Mapendo alilikuta koti la sufu chini kabisa ya lundo. Akaliinua juu, na kwa furaha Kiswahili cha kwao kikamtoka. "Dada, hii koti niko nataka kuuza!"

Tajiri alikuwa nyuma yangu. Akainuka kwenye kiti. "Anauza? Mali yangu, juu ya turubai langu?" Akanigeukia. "Kumbe ndiyo maana kila siku anaondoka na vitu vizuri. Huyu huwa anachukua hapa bila kulipa, anakwenda kuuza?"

Maelezo ya neno moja yangetosha, na nilikuwa nayo mdomoni.

"Si umemsikia mwenyewe, Tajiri," nikasema.

Alinyang'anywa koti mbele ya watu. Mmoja akasema mwizi, wengine wakalidaka. Mama Mapendo alijitetea kwa nguvu zote, "Hapana, baba, mimi nilisema kuuza! Kuuza tu!" na kila alipolirudia lile neno alizidi kujizamisha. Mimi niliinama nikakunja mashati yaliyokwisha kunjwa.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu, macho yamevimba. "Dada, ulimwelezea Tajiri ile neno yangu?"

"Nilimweleza," nikamwambia. "Hakutaka kusikia."

Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumtetea. Kabla ya mvua kuanza walihamia Manyoni.

Nilibaki mchambuzi mpaka nilipostaafu mwenyewe kwa hiari yangu na kurudi Kiomboi. Siku hizi wauzaji chipukizi hunijia, "Shikamoo bibi, tufundishe belo," nami nawafundisha zipu, kola, vifungo. Nawafundisha pia kugeuza nguo ndani nje na kupitisha kidole kwenye mshono. Wakiniuliza hilo nilijifunza kwa nani, nasema ni uzoefu.

Mama Mapendo ana duka Manyoni, watu wanasema limejaa mpaka barazani. Nikilisikia likisifiwa moyo bado unanichoma, sitawadanganya. Kila sikukuu hunipigia simu. Wiki iliyopita alipiga bila sikukuu.

"Dada, nimepata mabelo mapya. Kuja unifungulie la kwanza kwa mkono wako. Kintinku nzima, wewe peke yako ndiye alisimama na mimi."

Nilimwambia miguu inanisumbua, siwezi kupanda basi. Miguu yangu ni mizima kabisa.