Bastola Kibindoni, Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo nimemsalimia mama mkwe nikiwa na bastola kibindoni!

Msicheke kwanza. Nawaandikia wote kwa mpigo hapa kwenye kafe ya intaneti mjini.

Mnajua tangu hivi viwanda vya sangara vifunguliwe, sisi wanunuzi wa samaki tunatembea na fedha. Mwezi uliopita nilivamiwa njiani kutoka Busisi. Wale watu hata hawakunipekua. Walikwenda moja kwa moja kwenye fundo la kitenge.

Nikahangaika hadi nikapata kibali cha bastola. Asubuhi ya leo nikaenda dukani kuchagua.

"Hii inakaa mfukoni, mama. Hakuna atakayeiona."

"Mfuko gani, baba? Mimi navaa kitenge!"

Nikachukua ndogo kuliko zote, ya kuenea kiganjani. Nikaifunga kibindoni, nikapitia Magu, ukweni.

Sasa kwetu mkwe anasalimiwa kwa magoti. Nimepiga goti tu, "Shikamoo ma...", chuma kikachomoka, kikagonga sakafu.

Mama akaitazama, akanitazama. "Marahaba, mwanangu. Unamwogopa nani?"

Pembeni yake alikaa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Ni yeye tu aliyejua ninafunga wapi fedha.

Ndiye aliyeinama akaiokota. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Pole, shemeji. Sasa hii utakuwa unaificha wapi?"

Niambieni, ninyi mngemjibuje?