Samaki wa Bahari ya Barafu katika Jiko la Marsela

Marsela Qamara aliajiriwa kuwa mpishi wa loji tarehe 3 Machi 1997, na tangu siku hiyo hadi Jumanne ya wiki iliyopita alikuwa hajaweka samaki mdomoni.

Loji ni ndogo, juu ya mashamba ya kahawa, upande wa Karatu wa njia iendayo Oldeani. Wageni wake hutaka samaki walau mara moja kabla ya kurudi kwao, na Marsela huwapikia. Huparua magamba, hutoa matumbo, hukaanga, hupamba sahani. Haonji. Ni Mwiraqw wa Endamarariek, na katika ukoo alikoolewa samaki haliwi. Alipopata kazi, mama mkwe wake, Bibi Angelina, alikubali kwa sharti moja. Mikono inaweza kumgusa samaki kwa sababu mikono huoshwa. Mdomo, hapana. Mwanamke aliyekula samaki hashiki vibuyu vya maziwa vya nyumba ile, wala siagi inayotoka humo.

Sharti hilo halikumsumbua, kwa kuwa jiko lilikuwa na mdomo mwingine. Mathias, mhudumu wa mezani kutoka Moshi, hula kila kinachoogelea. Ndiye anayeonja chumvi, anayenusa, anayesema huyu mzima, huyu mtupeni. "Mimi ni ulimi wa Mama Clara," huwaambia wageni, nao hucheka wakidhani anatania.

Clara ni binti mkubwa wa Marsela. Anaagwa kwao Jumamosi hii, tarehe 27. Asubuhi ya kuagwa, katika ukoo huo, mama humpaka bintiye siagi ya kibuyu cha nyumbani, kuanzia utosini hadi nyayoni, kabla bibi harusi hajavaa gauni la kanisani. Marsela mwenyewe alipakwa na shangazi yake kwa sababu mama yake alikwisha kufariki. "Shangazi alikuwa na haraka," anasema. "Alinipaka kama mtu anayepaka mkate." Amekuwa akisema tangu Clara akiwa darasa la tano kwamba yeye atampaka wake polepole.

Samaki aliyeleta matatizo alifika mwanzoni mwa Aprili katika boksi, kutoka Nairobi kupitia Namanga. Hana jina la Kiswahili. Anaishi katika bahari inayozunguka bara la barafu kusini kabisa mwa dunia, chini ya maji yenye baridi kiasi kwamba damu ya samaki wa kwetu ingeganda. Yake haigandi, kwa sababu ina kitu kinachozuia chembe za barafu zisikue. Hana kifuko cha hewa cha kumsaidia kuelea kama walichonacho samaki wengi. Badala yake amejaa mafuta. Hukua taratibu, huweza kuishi miaka mingi, na mkubwa wake humzidi mtu mzima kwa uzito. Mnofu wake ni mweupe kama ugali wa sembe. Jikoni walimwita Mzungu.

Mwenye loji alimwagiza kwa ajili ya mawakala wa utalii. Hao huja masika, vyumba vikiwa vitupu, hulala, hula, halafu huamua msimu ukifika wageni wao wapelekwe wapi. Tangu mashambulizi ya Marekani ya Septemba mwaka jana wageni wamepungua kote Karatu, na wafanyakazi wa loji wameambiwa waziwazi kwamba mawakala hawa wakiondoka bila kuridhika, baadhi yao nao wataachishwa kazi.

Boksi liliwekwa kwenye friza ya nje. Hapo ndipo kosa lilipoanza. Loji ina friza nzuri ndani ya jiko, lakini wapishi wa hapo, karibu wote Wairaqw, hawapendi samaki alale na nyama na maziwa. Miaka mitatu iliyopita waliomba friza ya zamani isitupwe, wakaiweka stoo nyuma ya kuni, ikawa ya samaki peke yake. Hakuna aliyeifungua isipokuwa Mathias. Wengine wakipita pale hugeuza uso. Siku za kuelekea ujio wa mawakala Mathias alilala na malaria, na friza haikufunguliwa.

Jumanne asubuhi, tarehe 16, mawakala wakiwa tayari lojini na samaki akitakiwa mezani jioni hiyo, Marsela alimtuma msaidizi wake, Hilary, akalete boksi. Hilary alirudi mikono mitupu.

"Mama Clara, Mzungu anatoa jasho."

"Jasho gani?"

"Njoo uone. Mimi sitii mkono mle."

Taa ya friza ilikuwa imezimika. Plagi ilikuwa mahali pake, umeme ulikuwepo. Chombo kilikuwa kimekufa chenyewe. Chini kulikuwa na maji. Vipande vya juu vilikuwa laini kabisa, vya katikati vilikuwa bado na barafu ndani. Friza ilikufa usiku wa kuamkia siku hiyo au Jumapili? Hakuna aliyejua.

Marsela aliinama, akanusa. Haikumsaidia. "Kwa mtu asiyekula samaki, samaki wote wananuka," anasema. "Mzima ananuka, mbovu ananuka. Nyama ya ng'ombe naijua nikiwa mlangoni. Huyu, hata ningemnusa mpaka Krismasi."

Alikwenda kwa Mathias, kwenye vyumba vya wafanyakazi, na kipande kilichochemshwa kwenye kisahani. Mathias alijikalisha kitandani, akatafuna, akakunja uso.

"Mchungu."

"Ameharibika?"

"Sijui, mama. Hata chai ni chungu. Hata mate yangu ni machungu. Ni kwinini hizi." Akamrudishia kisahani. "Pua nayo imeziba. Leo ulimi wako umekufa, nisamehe."

Meneja, Dennis, alikuwa kreta, akiwaonyesha mawakala wanyama. Marsela alimpata kwa redio ya magari. Alimweleza kwamba friza ya nje imekufa na kwamba samaki anatia shaka.

"Mama Clara, niko nao hapa garini," Dennis alisema. "Na mmoja ni wa kutoka Nairobi, Kiswahili anakijua kuliko mimi."

"Nipike kuku?"

Redio ilikwaruza. "Tangu asubuhi hawana habari nyingine ila huyo samaki. Wamemwona simba, wameuliza samaki. Lakini mtu akiumwa tumbo kwenye loji yetu, tumekwisha pia. Wewe onja, halafu uamue. Ukisema kuku, ni kuku. Sitakulaumu."

Dennis ni mtu wa Machame na hakujua alichokuwa akimwomba. Marsela hakumweleza. Mambo ya vibuyu vya mama mkwe hayasemwi kwenye redio inayosikika na madereva wote wa kreta.

Alimwagiza Hilary achinje kuku na kuwaandaa, ili lolote litakaloamuliwa chakula kiwepo. Kumpata mtu wa kuonja Karatu mjini hakukuwezekana: magari yalikuwa kreta, na mvua ya usiku ilikuwa imeikata njia ya chini. Akamuuliza Hilary kama yeye angeweza.

"Mimi?" Hilary alisema. "Dada, mke wangu atanilaza zizini. Na ng'ombe watanifukuza."

"Basi nitakula mimi."

Hilary aliacha kunyonyoa. "Na Jumamosi ya Clara?"

Marsela alikwenda kwenye friza ya stoo. Alivitenga vile vipande vilivyolainika vyote akavitupa shimoni. Vyenye barafu katikati alivibakiza. Akachukua kimoja, akakichoma kwa siagi na limau kama ambavyo kingechomwa jioni. Mafuta yalitoka mengi, akashtuka, kwa sababu nyama ya ng'ombe inayovuja hivyo huwa imeanza kuharibika. Kisha akakumbuka kwamba huyu ni wa mafuta tangu kuumbwa. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, akala sahani nzima. Kuonja kidogo kusingemwambia kitu, kwani hakujua ladha aliyopaswa kuikuta. Alichotaka ni tumbo lake liseme kabla ya matumbo ya wageni.

Halafu wakasubiri.

"Tumbo?" Hilary aliuliza.

"Lipo."

Baada ya muda akauliza tena.

"Hilary, ukiniuliza mara nyingine nitakutapikia wewe."

Mchana kichefuchefu kilikuja kweli. Kilimkaba alipokuwa akichagua mchele, mate yakamjaa, jasho likamtoka mgongoni. Alitoka nje akashika ukuta. Hakutapika. Alisimama pale akijaribu kuelewa anaumwa kitu gani. Yawezekana samaki alikuwa mbovu. Yawezekana pia alikuwa mzima, na kilichokataa kilikuwa ni yeye, mwanamke wa miaka arobaini na minne aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kitu hiki si chakula. Ugonjwa na kinyaa vilikuwa na dalili moja.

Hilary alisimama mlangoni, mikono imejaa manyoya. "Niwashe moto wa kuku?"

"Ngoja. Nipe unga."

Alikanda unga wa chapati, mwingi kuliko uliohitajika, kwa nguvu zote. Alipokanda, kichefuchefu kiliondoka. Alipoacha na kuitazama ile sahani aliyolia, kilirudi. Akakanda tena, kikaondoka tena. Alirudia hivyo mpaka akaridhika. Malezi yake yote ya watoto wanne yalimwambia kwamba tumbo lililokula sumu halitulizwi na kazi. Aliendelea kujipima mpaka magari yaliposikika mlimani, na hakukuwa na msokoto wala kuhara.

"Kuku watakuwa wa kesho," alimwambia Hilary.

Mawakala walikula samaki. Yule wa Nairobi aliomba kuongezwa. Dennis alikuja jikoni kushukuru, akamkuta Marsela amesimama dirishani anawahesabu wageni kadiri walivyoinuka mezani, akiangalia nani ameshika tumbo. Hakulala vizuri. Asubuhi aliwahesabu tena kwenye chai, na wote walikuwepo, na wote walikuwa na njaa. Walipoondoka walikuwa tayari wamemwachia Dennis ahadi ya vyumba vya Julai na Agosti.

Hilary alimwambia kwamba yeye hakuona kitu. "Nilikuwa nanyonyoa kuku. Mtu anayenyonyoa anaangalia chini."

Marsela angeweza kuliacha hapo. Siku ya mapumziko alipanda Endamarariek, akamkuta Bibi Angelina anafukiza vibuyu, akabaki nje ya kizingiti na kumweleza yote. Bibi alisikiliza bila kusimamisha kazi.

"Nani alikuona?"

"Hilary tu, mama. Naye hatasema."

"Basi umekuja kunisumbua na nini?"

"Nikimpaka Clara, halafu huko aendako akakosa mtoto, au akaugua, nitajua ni mimi. Hata kama si mimi, nitajua ni mimi."

Bibi Angelina alikiweka kibuyu chini. Alimuuliza kama wale wageni waliugua. Marsela akasema hapana. Bibi akasema ni vizuri, watu wasife kwa sababu ya vibuyu vyake. Kisha akasema kwamba sharti ni sharti, na kwamba hakulitunga yeye.

"Lini nitashika tena?" Marsela aliuliza.

"Utakaposhika nitakuambia. Si Jumamosi."

Friza ya stoo imetengenezwa na imerudishwa palepale nyuma ya kuni. Marsela amependekeza kwamba kila asubuhi mtu mmoja aifungue, hata kama ni kwa kuziba pua. Hilary amekubali shingo upande. Mathias amepona. Clara ameambiwa, akalia kidogo, kisha akauliza samaki yule ana ladha gani. Mama yake alimjibu kwamba ni kama siagi iliyokosa chumvi.

Jumamosi asubuhi Clara atapakwa na Margareth, dada mkubwa wa baba yake. Marsela atakuwa uani na wanawake wa pilau, na saa nne watatoka wote pamoja kwenda kanisani.