Swali Ambalo Kila Mtu Alilibofya

Tulimwita Kengele kabla hata hatujamwona kwa macho. Alikuwa mtangazaji wa redio, wa kile kipindi cha asubuhi ambacho watu hukisikiliza huku wanapiga mswaki, na sauti yake ilipenya kuta. Akisema leo mvua, unachukua mwavuli bila kuchungulia nje. Akisema kuna mtoto kapotea sokoni, nusu ya mtaa wanatoka kumtafuta.

Halafu koo likamgeuka. Vinundu viliota kwenye nyuzi za sauti, akapasuliwa, akapona. Lakini sauti iliyobaki ilikuwa ya kukwaruza, kama msasa juu ya ubao. Redioni walimfanyia sherehe nzuri ya kumuaga, wakampa saa ya ukutani, na Jumatatu iliyofuata kiti chake kikawa na mtu mwingine. Alikaa nyumbani muda mrefu. Siku moja alipokea simu, na aliyepiga akasema, "Samahani kaka, naomba kuongea na Dada Kengele." Alimwambia dada hayupo, akakata. Mumewe, ambaye ni kinyozi, alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaona mkewe analia, akamfuta machozi.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha kuchangia damu, na ndiko Kengele alikokuja kupata kazi. Tulihitaji mtu wa kuandika matangazo na kuitunza tovuti yetu, ukurasa ule ambao mtu anaingia kwa simu yake, anachagua siku na saa, anakuja kuchangia. Kwa kweli tulihitaji muujiza. Tulikuwa na viti sita vya kulalia, vya ngozi ya bluu, na asubuhi nyingi vinne havikuguswa. Tulivifuta vumbi kwa aibu tu. Wodi ya wazazi ikipiga simu kuomba damu, tuliwapa pungufu ya walichoomba na kuanza kujieleza. Kuna muuguzi mwenzangu aliyeacha kabisa kupokea ile simu.

Cha kushangaza ni kwamba watu waliingia kwenye tovuti. Walikuwa wengi, kila siku. Ila waliingia kama watu wanaoingia dukani kukwepa mvua. Wanatazama huku na huku, wanatoka, hawajanunua hata pini.

Kengele alipoanza kazi alijifungia siku kadhaa akaandika ukurasa mpya. Jamani, ulikuwa mtamu. Ulianza na mama aliyejifungua akapoteza damu, ukaenda kwa dereva aliyepata ajali, ukashuka taratibu kama mto mpaka chini kabisa, ambako palikuwa na kitufe cha kujiandikisha. Tuliusoma kwa pamoja jikoni na mpishi akafuta machozi kwa aproni.

Mkurugenzi wetu, daktari mwenye masharubu ambaye sote twamwita Daktari tu, aliusoma akakunja uso.

"Dada, ni mrefu mno. Mtu yuko na simu mkononi, anasubiri foleni. Weka mistari mitatu na kitufe. Basi."

"Mistari mitatu haimgusi mtu, Daktari. Mimi nimezungumza na watu maisha yangu yote."

"Na mimi nimewachoma sindano maisha yangu yote."

Walibishana hivyo siku mbili, kwenye korido, kwenye ngazi, mpaka mlangoni mwa choo. Aliyeamua ugomvi ni fundi wetu wa kompyuta, bwana mmoja mwenye kitambi na miwani ya kamba, ambaye tulimbandika jina la Bwana Subiri kwa sababu ukimwomba lolote jibu lake ni hilo hilo. Alikuwa anatafuna kalamu.

"Wekeni zote mbili," alisema.

"Zote mbili wapi?" Daktari aliuliza.

"Pale pale. Mgeni akiingia, kompyuta inarusha sarafu. Ikiangukia huku, anaona ukurasa wa Daktari. Ikiangukia kule, anaona wa Dada Kengele. Yeye hajui kama kuna mwingine. Sisi tunaangalia tu ni upi unaoleta watu wengi zaidi kituoni. Hakuna haja ya kugombana, wageni wenyewe watasema."

Wote wawili walikubali haraka, maana kila mmoja alikuwa na uhakika wa ushindi.

Ukurasa wa Kengele ulishindwa. Tena haukushindwa kwa tofauti ndogo ya kubishania. Uligaragazwa. Mistari mitatu mikavu ya Daktari ilileta watu wengi kuliko yule mama na yule dereva kwa pamoja. Daktari, kwa heshima yake, hakucheka mbele yetu. Alikwenda ofisini kwake, akafunga mlango, tukamsikia anapiga mluzi.

Kengele alirudi nyumbani akiwa amevimba. Alinisimulia baadaye kwamba mumewe alimsikiliza huku anapaka mafuta mashine zake za kunyolea, kisha akasema, "Mama watoto, mteja akikaa kwenye kiti changu namuuliza, tukate vipi? Simsimulii historia ya mkasi."

"Kwa hiyo unamuunga mkono Daktari?"

"Namuunga mkono mteja. Wewe umeshamuuliza anataka nini?"

Alimnunia mpaka wakati wa kulala. Lakini asubuhi yake alifika kazini mapema, akavuta kiti karibu na meza ya Bwana Subiri na kumtaka amwonyeshe kila kitu ambacho wageni walikifanya kwenye ukurasa wake, mahali walipogusa na mahali walipoachia.

Bwana Subiri alifungua picha ya ukurasa ule kwenye skrini. Ulikuwa umepakwa rangi. Palipobofywa mara chache pana kijani hafifu, na palipobofywa sana pamewaka nyekundu kama kaa la moto. Mimi nilikuwa nimekwenda kuazima stepla, nikajikuta nimesimama nyuma yao.

Kitufe kule chini kilikuwa baridi kabisa. Wengi hawakufika huko. Lakini katikati ya maandishi kulikuwa na doa jekundu, kubwa, mahali pasipo na kitufe wala chochote cha kubofya.

"Ni nini pale?" aliuliza Kengele.

Bwana Subiri alikuza picha. Lilikuwa swali dogo ambalo Kengele alikuwa ameliandika kwa maandishi mazito, kama pambo tu, kabla ya kuendelea na habari ya dereva. *Je, sindano inauma?*

"Wanalibofya," alisema Bwana Subiri polepole. "Wanadhani litafunguka. Wengine wamelibofya mara tatu, mara nne. Halafu wanaondoka."

Kengele aligusa lile doa kwa kidole. Akasema, kwa ile sauti yake ya msasa, "Hawa ni watu wanaopiga simu studioni, na mimi nimeacha simu inalia."

Nilimwona anavyobadilika. Alikuwa amekaa kama mgonjwa, akakaa kama mtu mwenye kazi. Alitoka mbio kwenda kwa Daktari, akaingia bila kubisha hodi.

"Daktari, inauma?"

"Nini?"

"Sindano. Niambie kama unavyomwambia mtu aliyekaa mbele yako, anatetemeka."

Daktari aliweka kalamu chini. "Inachoma. Asikudanganye mtu. Inachoma kwa muda wa kupiga chafya moja, halafu unahisi mkono mzito kidogo, unapewa juisi, unaondoka na hadithi ya kujisifia kwa mkeo."

"Usiongeze neno," alisema Kengele, na tayari alikuwa anaandika.

Alichukua ukurasa ule ule wa Daktari, ulioshinda, akaongeza kitu kimoja. Juu ya kitufe aliweka lile swali, na ukilibofya linafunguka, unapata jibu la Daktari, neno kwa neno, chafya na yote. Alitaka pia kubadilisha maneno ya kitufe, abadilishe na picha, aweke na rangi nyingine. Bwana Subiri alikataa katakata.

"Ukibadilisha chumvi na moto na sufuria kwa wakati mmoja, chakula kikiwa kitamu utashukuru nini? Kimoja kimoja, dada."

Basi wakarusha tena sarafu. Huku ukurasa wa Daktari kama ulivyo, na huku ukurasa ule ule wenye swali.

Siku za mwanzo ule wa Daktari uliongoza. Alikuja mwenyewe kwenye meza ya Bwana Subiri na soda mkononi.

"Mambo yameisha. Funga mashindano."

"Subiri."

"Nisubiri nini? Naongoza!"

"Timu yako ikifunga bao dakika ya tatu, unatoka uwanjani uende nyumbani? Wageni bado wachache. Sarafu inaweza kukupendelea asubuhi, jioni ikakugeuka. Na mwisho wa wiki hatujauona. Watu wa Jumapili si watu wa Jumanne."

Kengele naye, kuona anashindwa, alitaka waache ili kupunguza aibu. Bwana Subiri aliwafukuza wote wawili, akageuza skrini ikaangalia ukuta.

Wiki iliyofuata ndipo alipoigeuza tena ile skrini. Aliita kila mtu, hata mlinzi wa getini. Ukurasa wenye swali ulikuwa umeupita ule mwingine na kuuacha mbali. Kwa kila mtu mmoja aliyejiandikisha kwenye ukurasa wa zamani, karibu wawili walijiandikisha kwenye mpya. Bwana Subiri, mtu asiyenyanyua sauti kwa lolote, alipiga meza kwa kiganja akasema, "Hii sasa si bahati."

Daktari alisimama akitazama skrini, mikono kiunoni. Nilifikiri atakasirika. Akasema, "Lile jibu ni langu, lakini, si ndiyo?" Tukacheka mpaka mlinzi akasahau geti.

Hawakuishia hapo. Jaribio lililofuata lilikuwa la kitufe. Chetu kiliandikwa "Wasilisha Maombi", kama vile mtu anaomba kibali cha kujenga. Kengele alipendekeza "Njoo". Daktari akapendekeza "Chagua saa yako". Walirusha sarafu, wakasubiri safari hii bila kuambiwa, na Daktari akashinda. Alitembea siku nzima kifua mbele. Kengele alimpongeza mbele ya watu wote, na aliporudi mezani aliniambia, "Unajua, sikuumia. Nilikuwa nataka tu kujua." Nadhani siku hiyo ndipo alipopona kweli.

Sasa nikueleze Jumamosi ile.

Nilifika zamu ya asubuhi nikakuta watu mlangoni. Nilidhani kuna ajali. Nikauliza, "Kuna nini?" Mwanamke mmoja mwenye mkoba wa shule wa mwanawe akanijibu, "Mbona tuna saa zetu? Tumechagua wenyewe." Akanionyesha simu.

Viti sita vilijaa kabla sijavaa glavu. Tukaomba mabenchi kwenye zahanati ya jirani. Foleni ilishika korido, ikapinda kwenye ngazi. Kulikuwa na bwana mmoja mpakiaji wa mizigo, mabega kama kabati, jasho linamtiririka na hata sijamgusa.

"Dada, mimi nabeba magunia," alininong'oneza, "lakini sindano naiogopa kuliko simba. Miaka yote nilikuwa naingia kwenye ule ukurasa wenu natoka. Safari hii nikauliza, ukanijibu."

"Nani alikujibu?"

"Ukurasa. Ulisema chafya moja. Haya, nichome, nihesabu hiyo chafya."

Nilimchoma. Alifumba macho, akapiga chafya ya makusudi, chumba kizima kikaangua kicheko, na alipofumbua macho damu ilikuwa inashuka vizuri kwenye mfuko. Kengele alikuwa amesimama mlangoni na trei ya juisi. Aliliona lote hilo. Akamletea yule mpakiaji glasi kubwa kuliko zote.

Kesho yake, damu ikiwa imeshapimwa, wodi ya wazazi ilipiga simu. Safari hii tuligombania kuipokea. Muuguzi mwenzangu, yule aliyekuwa ameikimbia, ndiye aliyeiwahi. Alisikiliza, akafungua jokofu, akatazama rafu zilizojaa juu mpaka chini, akasema, "Yote mliyoomba. Ndiyo, yote. Mtume gari." Kisha akakaa sakafuni pale pale, na sare yake nyeupe, akawa analia na kucheka kwa pamoja. Daktari alimnyanyua, akamzungusha kama wako harusini. Masharubu yake yalikuwa yamelowa.

Tangu hapo Kengele na Bwana Subiri wanakaa meza moja. Wanajaribu kila kitu: picha, maneno ya kuwakumbusha wachangiaji wa zamani, saa ya kutuma ujumbe. Mengi hayafui dafu. Wanayatupa bila majonzi, wanaendelea. Vituo vingine vimemwita akawafundishe, na huko kote anasimama mbele ya watu, anazungumza kwa hiyo hiyo sauti inayokwaruza, na hakuna anayethubutu kusinzia.

Ni yeye aliyeona, kwa kufuata mibofyo, kwamba kuna watu wengi wanaoingia mchana kutoka upande wa viwandani, wanatafuta saa ya jioni, hawaipati, wanaondoka. Alipiga kelele kwa kila ofisi mpaka tukapata gari lenye vitanda viwili ndani. Juzi tulilipeleka kwa mara ya kwanza. Kengele alikaa mbele, karibu na dereva, kapaka wanja, kavaa viatu ambavyo nilimwonya vitamuumiza. Tulipokata kona ya kiwanda cha unga, zamu ilikuwa inatoka. Watu weupe kwa vumbi, wanaume kwa wanawake, walikuwa wameshapanga mstari getini, kila mmoja na simu mkononi akitazama saa aliyoichagua.

Dereva alipiga honi. Wakatupigia makofi, na unga ukapaa hewani.