Nyumba Hupimwa kwa Mzigo

Mjukuu wangu, nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, hapa hapa Rumonge, enzi za Mdachi, nilipomkatalia bibi yangu mbele ya watu. Naikumbuka kwa aibu, ingawa kilichofuata sikionei aibu hata kidogo. Nakusimulia kwa sababu jana ulinipeleka kuona chumba chako kipya. Ukanionyesha bati, ukanionyesha kitasa, ukanionyesha sakafu ya saruji, nami nikakupa mgongo. Ukadhani nimenuna. Sikununa. Nilikuwa natazama nje, natafuta njia.

Nilikuwa nimeolewa hata mwezi haujaisha. Mume wangu Shabani alikuwa seremala. Mdachi alikuwa ameamuru watu wa mjini wajenge kwa mstari, kule juu mlimani, kando ya barabara pana iliyokwenda bomani, na Shabani alipewa nyumba huko kwa kuwa aliwachongea milango. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, baraza pana, mlango wa mvule. Mimi nilizaliwa chini ufukweni, kwenye kibanda ambacho ziwa likichafuka linapiga hodi. Nilipouona ule mlango, basi, akili ikaniruka. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Sasa, sisi wanawake wa ndagala, wauza dagaa wa ziwani, tulikuwa na desturi yetu. Bibi arusi hatandiki mkeka kwake mpaka nyumba ipimwe. Anashuka ziwani asubuhi mitumbwi inaporudi, anajitwika kikapu cha ndagala mbichi, maji yanamchuruzika shingoni, anapanda mpaka mlangoni bila kutua. Ndagala zikifika bado ngumu, nyumba inafaa. Zikifika zimelegea, mume atafute nyingine. Hakuna kubishana, samaki ndiye anayeamua.

Bibi yangu Tatu, mama wa mama yangu, mwanamke mfupi mwenye ulimi, akaniletea kikapu. Nikakataa. Nilikuwa na kanga mpya, na hina haijafifia. Nikasema nitapima hivi hivi. Nikashuka mikono mitupu, nikapanda kwa njia ya mkato iliyopita nyuma ya nyumba ya mnyapara wa barabara, nikafika hata jasho sina.

"Bibi, ni karibu," nikamwambia.

"Karibu kwa nani? Kwa anayetembea ama kwa anayebeba?" Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Na ile njia iko ya nani, mutoto wangu?"

Nikacheka. Tangu lini njia ikawa na mwenyewe? Majirani wakatazama chini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilianza kuvunjika pale pale, nacheka.

Tukahamia, na siku za mwanzo nilijikaza. Shingo iliuma, lakini kwa ile njia ya mkato ndagala zilifika, nikazianika uani kwangu. Ufukweni hatukuanika, mwewe wa huko hawana adabu. Halafu yule mnyapara, mtu wa mbali aliyeletwa na boma, akaiziba njia kwa miiba. Akasema Mdachi ametengeneza barabara, kwa hiyo kila mtu apite barabarani. Barabara yenyewe ilizunguka mpaka kambi ya askari. Ukifika hapo na kikapu unasimamishwa, unatua, unapiga saluti, unaulizwa umebeba nini, na samaki wananuka mpaka mwisho wa kambi. Nikifika nyumbani jua limekwisha panda na ndagala matumbo yamepasuka. Siku tatu mfululizo nilimwaga kikapu kizima.

Shabani hakuwa mtu mbaya. Akaniambia kwa upole, "Achana na samaki. Muke wa fundi akae barazani."

Hapo ndipo nilipoogopa. Ile kazi nilifundishwa na mama kabla hajafa, na kila kitu nilichokuwa nacho nilikipata kwayo. Nikiiacha, ningebaki kuwa pambo la ule mlango.

Nikashuka kwa Bibi nikilia, nikamwambia nataka kurudi chini. Hakunibembeleza.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nyumba uliitaka mwenyewe, na njia yake utaitaka mwenyewe. Huku chini hamna nafasi ya mutu aliyekimbia mwiba."

Maneno yale yaliniuma, na yananiuma hata sasa ninapoyatamka. Lakini kesho yake, mitumbwi ilipofika, nilimkuta ufukweni ameshajitwika kikapu, yeye na magoti yake mabovu. Alikuwa amewaita wanawake wote wa mstari wa juu. Tulikuwa saba, yeye wa nane.

Tulipofika kwenye miiba nilidhani tutaing'oa. Bibi hakuigusa. Alipita mbele mpaka mlangoni kwa mnyapara, akatua, akatandika mkeka na kuanza kumwaga ndagala. Nasi tukatandika. Mnyapara akatoka, mswaki mdomoni.

"Munafanya nini kwangu?"

"Amahoro, bwana," Bibi akamwamkia. "Tunaanika. Hizi haziwezi kuzunguka."

"Ondoeni."

"Zikikauka tutaondoa."

Jua lilikuwa kali, na harufu ya ndagala mbichi unaijua. Nzi wote wa Rumonge wakahamia kwake. Akaingia ndani, akatoka na kiboko, akauliza nani alianza. Nilimwona Bibi anafungua mdomo. Nikawahi.

"Ni mimi. Mimi niko na nyumba pale juu. Njia iko yangu."

Hakunipiga. Aliupiga teke mkeka wangu, akaniamuru siku saba za kazi ya barabara, kung'oa majani na kufagia. Nikaenda. Kila asubuhi, nikiwa nimeinama pale barabarani, niliwaona wenzangu wakitandika mlangoni kwake, na kikapu changu kikiwa kichwani kwa Bibi. Siku ya tatu Shabani alikuja, akanitazama na jembe langu, akaondoka. Siku ya nne nikamwona yeye ndiye aliyebeba kikapu, fundi wa boma mzima, maji ya samaki yanamtiririka mgongoni. Nilicheka mpaka askari akanikaripia.

Siku ya nane nilishuka mwenyewe. Miiba ilikuwa imevutwa pembeni, upana wa mtu mmoja na kikapu chake. Mnyapara alikuwa ameketi barazani anatazama upande mwingine. Hakutuambia piteni, nasi hatukumwambia murakoze, asante. Tulipita, na ndagala zangu zilifika ngumu.

Basi sikiliza, mwanangu. Chumba chako kizuri, sikatai. Lakini mtaa huujui bado, maana umeupita umevaa viatu vya kutembelea. Upite na ndoo ya maji kichwani. Upite mvua imenyesha na mtoto yuko mgongoni. Uulize soko, kisima na msikiti viko mbali gani kwa mtu aliyechoka, na njia ya kuvifikia inapita kwa nani. Mzee akikupa mzigo wa kupimia, upokee, kanga itafuliwa. Na ukigundua umechagua vibaya kama mimi, usikimbilie kufunga virago. Kuchagua vibaya ni kosa lako, lijutie. Lakini mtu akikuzibia njia, hilo kosa ni lake. Usimwombe huruma. Mkalie mlangoni, na usikae peke yako.

Mungu akupe shingo ngumu na miguu mizima. Akupe majirani watakaokubali kukaa nawe juani, na mume asiyeona haya kunuka samaki. Na siku atakapotokea mtu na kiboko mkononi akauliza nani alianza, Mungu akujalie ujibu kabla ya bibi yako.