Kashata Zisizoonjwa

Kwa Blandina Ng'washi, wanawake wa Bariadi walikuwa wa aina mbili: wanaojua kutengeneza kashata za embe kavu, na wababaishaji. Aina ya kwanza ilikuwa na mtu mmoja tu.

Kwa miaka thelathini na moja watoto wa kigango walitoka kwenye misa ya Krismasi na kupanga foleni mbele ya sinia lake. Mwaka huu, mwezi wa kumi na moja, katekista Deogratias alimjia kwa adabu nyingi akasema baadhi ya akina mama wanaona biskuti ni rahisi zaidi. Wataziangalia kashata za Krismasi hii, kisha wataamua.

Blandina alifyonya. Biskuti, unga na hewa! Alimsindikiza katekista mpaka barabarani huku akicheka, lakini neno "wataamua" lilimkwama kooni kama mwiba wa sangara.

Kazi aliifanya vilevile kama zamani. Maembe madogo ya kienyeji aliyakata vipande vyembamba, akayaanika juu ya bati kwa siku nne, akiyakimbiza ndani kila wingu lilipotokeza. Karanga alizikaanga, akazipepeta kwa ungo, akazitwanga pamoja na embe, akamwagia asali iliyochemka. Kuonja hakuonja. Tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio hakutia kitu kitamu kinywani hadi Krismasi, nadhiri aliyoirithi kwa mama yake, na aliwadharau sana wapishi wanaochovya kidole kwenye sufuria. Mwenye kujua, alisema, anapika kwa jicho.

Ila karanga zilikuwa za shambani kwake, na alizimenya mwezi wa saba, akazifungia kwenye ndoo ya plastiki chini ya kitanda. Kuhifadhi karanga na maganda yake aliona ni uvivu.

Esteria, mke wa mwanawe Mayunga, ndiye aliyekuja jikoni akaokota punje iliyodondoka, akatafuna, akakunja uso. Huyu alikuwa mtoto wa wauza samaki wa Lamadi. Kwa miaka sita aliomba afundishwe kashata, na kwa miaka sita aliambiwa akaoshe vyombo.

"Mayu, karanga zimechacha. Onja kidogo tu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nionje! Unataka nivunje nadhiri yangu kwa ajili yako?"

"Ni chungu, mayu. Nina kilo tatu mpya ndani, nizikaange sasa hivi tubadilishe."

Blandina alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Za sokoni? Pua iliyolelewa kwenye dagaa itanifundisha mimi karanga? Ng'wanone, mwanangu, toka jikoni kwangu."

Esteria akatoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya Krismasi sinia lilikaa juu ya meza mbele ya kanisa, kashata zimekatwa pembe nne zinang'aa. Mtoto wa kwanza aliuma, akasimama, akajificha nyuma ya mama yake na kutema. Wa pili alitema palepale. Mama mmoja alikohoa kwenye kitenge. Deogratias, mtu mwema na mwoga, aliiweka yake mfukoni akasema ataila nyumbani.

Misa ilikuwa imekwisha, nadhiri imefunguka. Blandina alichukua kipande akauma. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Alikitafuna taratibu, akameza, akawatazama wote kwa macho makavu.

"Watoto wa siku hizi hawajui chakula," alisema.

Foleni ilikwisha yenyewe, watoto wakatawanyika uwanjani, na aibu ikamshukia Blandina mzima mzima, akabaki ameishika meza.

Ndipo Esteria akaja. Alipiga goti kama mkwe anavyopaswa, akanyoosha mikono miwili, akapokea kashata. Aliila yote, bila haraka na bila kukunja uso, mbele ya akina mama waliokuwa wakimtazama. Kisha akanyoosha mikono tena.

"Niongeze, mayu."

Blandina alimwongeza. Kama Esteria angeitema, Blandina angejua la kumwambia.